Kisogo Kimoja Jukwaani

Wewe uliyelishika daftari hili, nakuomba kwa heshima ya mama aliyekuzaa, lifunge. Kama mkono umekataa, basi soma kwa macho tu, midomo isicheze. Usimnong'oneze mwenzako wa chumbani. Usilifanye utani kwenye foleni ya chakula. Hata ukimpenda mtu namna gani, usimpe zawadi ya maneno yangu.

Sijaua mtu wala sijaiba. Jambo lenyewe ni hili: mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mchana baada ya vipindi ni karani wa ofisi ya michezo ya chuo. Karani wa michezo hupewa kitanda katika bweni la wanamichezo. Kwetu ni ng'ambo ya mto, na mvua zikishika, barabara ya kwetu hugeuka kuwa mto wa pili. Bila kitanda hiki sina chuo. Na kitanda hiki ni cha watu wa Wino, timu ya chuo, wenye jezi za buluu. Mimi ni Vumbi. Nimezaliwa Vumbi, timu ya kiwanda cha saruji, jezi za kijivu. Baba yangu ni mtu wa tanuri pale kiwandani, na kabla sijaweza kuandika jina langu nilikuwa nakitaja kikosi kizima kuanzia kipa.

Sasa unajua. Nyamaza.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi. Ofisi ni chumba kirefu chenye harufu ya viatu vilivyolowa na dawa ya kuchua misuli. Kuna meza mbili, kabati la jezi, ndoo ya barafu, na mipira iliyoisha upepo imerundikwa pembeni kama maboga ya mwaka jana. Mkuu wa ofisi ni mwanamke mrefu aliyewahi kucheza mpira wa mikono. Wote humwita Mwalimu, na filimbi haimtoki shingoni hata akiwa anakunywa chai. Aliniuliza swali moja tu.

"Wewe timu gani?"

"Mimi si mpenzi sana wa mpira, Mwalimu."

"Afadhali. Karani mwenye timu ni kama mpishi mwenye njaa. Anza na zile soksi."

Nimepanga soksi mpaka jua likazama, huku nikijiambia kwamba sikudanganya, nimepunguza tu.

Alhamisi, 6 Machi

Mwenzangu wa chumbani ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kiongozi wa washangiliaji. Hata wahadhiri humwita Kamanda. Ngoma yake inakaa chini ya kitanda changu kwa sababu chini ya kitanda chake kuna ngoma nyingine. Siku ya mechi yeye husimama chini ya jukwaa, uso kwa mashabiki, mgongo kwa uwanja, akiongoza nyimbo.

"Kwa hiyo mpira huuoni?" nilimuuliza.

"Bwana mdogo, tangu nishike kazi hii sijaona bao hata moja. Mimi bao naliona kwenye nyuso za watu. Nakwambia hata la kuotea nalijua kabla refa hajanyanyua mkono."

Akanigawia nusu ya blanketi lake la pili, maana langu ni jepesi. Ni mtu mwema. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya.

Jumapili, 9 Machi

Baba amepiga simu. Miaka ya kufanya kazi karibu na kinu cha kusagia mawe imemla sikio moja, na huongea na simu kana kwamba simu ndiyo kiziwi. Nilipoona jina lake nilikimbia mpaka nyuma ya tangi la maji ndipo nikapokea.

"Mwanangu! Hawajakunywesha wino huko?"

"Taratibu, Baba. Ninakusikia."

"Jana tumepata penalti! Tukageuka wote! Nikasikia tu wavu, shwaa! Mama yako anasema alinisikia mpaka jikoni!"

Ngoja nilieleze hili, kwa maana asiye Vumbi halijui. Uwanja wa kiwanda upo upande ambao upepo hutokea tanurini. Zamani, kabla sijazaliwa, Vumbi walipata penalti, na mpigaji alipoanza kukimbia ukaja upepo wenye saruji. Watu wote wakageuza migongo kulinda macho. Waliposikia wavu, wakageuka na kukuta bao limeingia. Tangu siku hiyo mtu wa Vumbi haangalii penalti ya timu yake. Hugeuka, akaupa uwanja mgongo, akasikiliza. Baba alinifundisha nikiwa bado nabebwa mabegani: yeye akigeuka, nami nageuka naye, sina hiari.

Mdogo wangu akapokonya simu. Yuko darasa la mwisho la sekondari, ana akili kunishinda, na anajua kwamba najua.

"Kaka, mimi nikija huko mwaka ujao nitashangilia nani?"

"Wewe faulu kwanza."

"Hujajibu."

Nikamwambia amrudishie Baba simu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Soksi hazikauki.

Jumamosi, 15 Machi

Wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza tuliitwa ukumbini kufundishwa nyimbo. Ratiba imetoka: nusu fainali ya kombe la wilaya ni Wino na Vumbi, kwanza kwao, halafu marudiano hapa. Ukumbi ulilipuka. Nililipuka pamoja nao.

Kamanda alipanda juu ya meza na ufagio. "Sikilizeni, watoto wapya! Asubuhi ya marudiano mwaka wa kwanza wote mtafagia njia kutoka lango kuu mpaka uwanjani. Mnajua tunafagia nini?"

"Vumbi!"

"Sisikii!"

"Vuuumbi!"

Nililitamka. Midomo ililitamka.

Nilipokuwa natoka, mtu alinishika mkono kwenye bomba la maji. Msichana, mwanafunzi wa uuguzi, amejifunga skafu ya kijivu mchana kweupe, katikati ya chuo. Watu wamekwisha kumpa jina: Kijivu. Nilimtambua mara moja, naye alinitambua. Kwao ni nyumba za kiwanda, mstari wa nyuma yetu.

"Mtoto wa tanuri," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuona unavyoimba. Una sauti nzuri."

"Tafadhali. Nina kitanda pale."

"Nimekuuliza kitanda? Mimi sisemi kitu. Ila shingo itakuuma, ndugu yangu, kwa kuangalia huku na huku."

Akajaza chupa yake, akaenda zake. Wavulana wawili wakamzomea, naye akawapungia skafu kama bibi harusi.

Jumatano, 19 Machi

Kipa wetu, Sumaku, ameumia mazoezini. (Nimeandika "wetu." Sitalifuta.) Kifundo cha mkono wa kushoto kimevimba kama andazi. Nimempelekea barafu zahanati, na Kijivu ndiye aliyekuwa zamu, akamfunga bandeji. Mwalimu alifunga mlango akatuambia: "Hili halitoki nje ya chumba hiki. Watano tu tunajua: Sumaku mwenyewe, mimi, kocha, karani na muuguzi. Kwenye nusu fainali atacheza na atanyoosha mkono kama kawaida. Mmenisikia?"

Tukasema tumesikia.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Nimeongea na Baba nyuma ya tangi, mwavuli mmoja, maji yananiingia viatuni. Alitaka kujua kama kazi yangu ni ya maana au nafagia tu. Nikamwambia ni ya maana sana, wiki nzima mimi ndiye ninayempelekea barafu kipa kwa ajili ya mkono wake wa kushoto, Mwalimu ananiamini. Baba akacheka kwa furaha mpaka simu ikakwaruza. "Karani wangu!" akasema. "Karani wangu huyo!"

Nimeandika haya saa hiyohiyo niliyorudi. Sasa nayasoma tena, na nimelipigia mstari neno "kushoto."

Jumatatu, 24 Machi

Hapana. Baba si mtu wa hivyo.

Jumatano, 26 Machi

Sijala vizuri. Kamanda anadhani ni mtihani.

Jumamosi, 29 Machi

Tumefungwa moja kwa bila. Niandike kama ilivyokuwa.

Nilikwenda na timu kwa sababu ndoo ya barafu ni yangu. Basi lilivuka mto, maji yakiwa yamefika kwenye vyuma vya daraja. Nilikuwa naingia mtaa wetu kwa mara ya kwanza tangu nianze chuo, na nilikuwa nimevaa koti la buluu, kofia nimeivuta mpaka kwenye nyusi. Nilipita mita chache kutoka kwenye mlango wetu. Mama alikuwa ameanika nguo chini ya paa. Sikugeuza kichwa.

Uwanjani nilikaa kwenye benchi letu, ndoo katikati ya magoti. Jukwaa la kijivu lilikuwa mbele yangu, na nilimwona Baba kabla sijamtafuta. Nilikuwa nimemsihi asiniite. Alinitazama moja kwa moja, akanyanyua mkono, halafu akakumbuka, akajikuna kichwa.

Mpira ukaanza. Shuti la kwanza la Vumbi: kushoto kwa Sumaku. La pili: kushoto. Kona: kushoto. Kocha wetu alisimama. Mwalimu hakusimama, alishika filimbi yake kwa meno. Kila mpira uliokuja langoni kwetu ulielekea upande uleule, kama maji yanavyojua mteremko. Kipindi cha pili mmoja ukapita chini ya kile kifundo ukaingia. Jukwaa la kijivu likawa moto. Niliinamia ndoo nikajifanya navunja barafu. Bao la timu yangu, na nilitaka ardhi ipasuke.

Ndani ya basi hakuna aliyeimba. Kamanda alikaa kando yangu, akasema polepole, "Kikulacho ki nguoni mwako. Kuna mdomo unavuja."

Jumatatu, 31 Machi

Mwalimu ametuita. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Walijua mkono. Nani?"

Kocha akaangalia skafu ya kijivu. Sote tukaiangalia.

Kijivu akavua skafu, akaikunja, akaiweka mapajani. "Mwalimu, mimi ningetaka kuwaambia, ningewaambia nikiwa nimevaa hii? Mwizi gani anatembea na kengele?"

"Kwenu ni wapi?"

"Nyumba za kiwanda. Kila mtu anajua."

"Basi mpaka tujue zaidi, hufanyi zamu zahanati."

Zamu hizo zimo katika mafunzo yake. Bila zamu hapandi mwaka wa pili. Aliitikia kwa kichwa. Halafu akanitazama mara moja, si kwa hasira, kama mtu anayeangalia saa ya ukutani kuona kama inatembea.

Sikusema kitu. Nilikuwa na kalamu mkononi na sikusema kitu.

Jumanne, 1 Aprili

Nimempigia Baba mimi mwenyewe, nyuma ya tangi, mvua inanyesha.

"Baba, ulimwambia mtu kuhusu mkono wa kipa?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikamsikia Baba akiongea kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa kantini. Walikuwa wananitania kwamba mwanangu ameliwa na wino, hatarudi. Nikasema mwanangu si mtu wa kufagia, yeye ndiye anayeshika barafu ya mkono wa kipa wao, mkono wa kushoto, na mkuu wake anamwamini. Nilikuwa nakusifu, mwanangu. Kumbe mshambuliaji wetu alikuwa meza ya pili."

"Baba..."

"Nilikuwa nakusifu tu."

Nilisimama pale mpaka nikalowa mwili mzima. Nilikuja na hasira na sikuwa na mahali pa kuitua.

Ijumaa, 4 Aprili

Kijivu ameonekana akila peke yake. Mtu amemwaga maji juu ya kiti chake.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilikwenda mpaka mlangoni kwa Mwalimu. Alikuwa anakunywa chai. "Unataka nini, karani?" Nikasema gundi imekwisha. Akanipa gundi.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua haijakatika. Barabara ya kwetu imefungwa. Watu wa kiwandani watazunguka kwa daraja la juu, lile la mbali mtoni, ili wafike Jumamosi kwenye marudiano. Kifundo cha Sumaku kimepona kabisa, na Mwalimu ametuamuru tufunge bandeji vilevile mpaka mechi, mtu yeyote asijue. Safari hii hata Baba sijampigia.

Jumamosi, 12 Aprili

Nitaandika yote, hata kama mkono utachoka.

Asubuhi tulifagia. Wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza, fagio mkononi, kutoka lango kuu mpaka uwanjani. Kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha, hapakuwa na vumbi hata chembe. Tulikuwa tunasukuma matope tu, tukiimba. Kijana mmoja akasema, "Leo tunafagia uji," tukacheka sote. Nami nilicheka, na wakati nacheka basi la kwanza la kiwandani likapita katikati yetu, likipunguza mwendo. Dirishani alikuwa Baba na kofia yake ya kazi. Aliniona nimeshika ufagio. Hakujikuna kichwa. Aliniangalia tu mpaka basi likapita.

Yeye aliyejisifu kwamba mwanawe si mtu wa kufagia.

Kabla ya mechi niligawa barafu na taulo, halafu Mwalimu akaniambia kazi yangu imekwisha, nikapande jukwaani na wenzangu. Nilikaa mstari wa katikati, buluu mbele yangu, buluu nyuma yangu. Chini kabisa, Kamanda na ngoma yake, mgongo kwa uwanja. Ng'ambo, jukwaa dogo la kijivu, na Kijivu naye amekaa huko na skafu yake shingoni.

Wino walipata bao la kwanza mapema, na niliruka. Ni lazima niseme ukweli: sikujilazimisha. Sumaku nimemshika mkono wiki nyingi, beki wa kulia huniazima kalamu, na mfungaji ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za wavu. Nilipoona mpira umeingia, miguu iliruka yenyewe. Bao la pili likaja, nikaruka tena. Jumla tulikuwa tunaongoza mbili kwa moja, dakika zinakwisha, watu wameshaanza kukumbatiana. Nilidhani ndani yangu jambo limekwisha. Nilidhani nimevuka.

Halafu filimbi. Mkono wa beki wetu, ndani ya eneo. Penalti kwa Vumbi.

Ikiingia, jumla sawa kwa sawa. Jukwaa letu likanyamaza kama nyumba yenye mgonjwa. Mpigaji akaweka mpira. Akarudi nyuma. Akaanza kukimbia.

Nami nikageuka.

Sikuamua. Naapa sikuamua. Mwili uligeuka kabla ya akili, kama ulivyokuwa unageuka juu ya mabega ya Baba. Nikajikuta nimeupa uwanja mgongo, na mbele yangu, kupanda juu mpaka mwisho wa jukwaa, ni nyuso. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Vinywa wazi, mikono vichwani, msichana mmoja anauma mkufu wake. Wote wanaangalia kitu kilichokuwa nyuma yangu. Na nilijua kwamba ng'ambo ya uwanja, Baba naye amegeuka. Tulikuwa tumepeana migongo, uwanja mzima kati yetu, kila mmoja anasikiliza.

Sikusikia wavu. Nilisikia kofi la glavu, kisha nikaona nyuso zikifunguka. Nikaelewa neno la Kamanda. Niliona penalti ikiokolewa kwenye nyuso za watu. Walikuwa wazuri sana kwa furaha, na kifuani mwangu kulikuwa kumevunjika kitu.

Wakanirukia. "Karani ameshindwa kuangalia!" walicheka. "Karani ana roho ya kuku! Anaipenda timu kupita kiasi!" Wakaninyanyua. Walidhani nimegeuka kwa hofu kwamba Wino itafungwa. Nilikuwa nimepona. Hakuna aliyejua.

Nilipowekwa chini nikatazama kwa Kamanda. Ngoma ilikuwa imening'inia. Alikuwa ananiangalia.

Jumapili, 13 Aprili

Kamanda hakusema neno mpaka leo mchana. Alikuwa anapaka ngoma mafuta.

"Unajua mimi jana niliona nini? Nyuso elfu, bwana mdogo, na kisogo kimoja."

"Nilikuwa naogopa."

"Wanaoogopa hufumba macho. Hufunika uso. Kugeuka mzima mzima, miguu pamoja, hugeuka watu wa kiwandani peke yao. Lile jukwaa lao lote lilikuwa migongo, watu wamenisimulia." Akaiweka ngoma chini. "Na mkono wa Sumaku, ni wewe?"

Nikamweleza. Baba, barafu, kantini, meza ya pili. Nilieleza vibaya, kwa kurudiarudia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akacheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Sumaku ametwambia jana kwamba alijua atapigiwa kushoto. Tangu mechi ya kwanza walipiga kushoto tu, wakidhani mkono bado mbovu. Alilala kushoto kabla mpira haujapigwa. Unaona ulivyofanya? Mdomo wako uliwapa bao, halafu mdomo wako uleule ukawanyang'anya penalti. Wewe si msaliti. Msaliti huwa na faida upande mmoja."

"Utasema?"

"Mimi niseme nini? Jana watu wamekubeba. Nikinyamaza, yamekwisha." Akavuta ngoma tena. "Lakini yule msichana anakula peke yake."

Jumatatu, 14 Aprili

Mwalimu alikuwa anakunywa chai. "Gundi tena?"

"Hapana, Mwalimu. Ni mimi niliyesema kuhusu mkono."

Aliweka kikombe. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Nilipofika kwa Baba niliomba asilaumiwe, kwa sababu alikuwa ananisifu. Mwalimu aliivua filimbi shingoni, akaiweka mezani. Sijawahi kumwona bila filimbi. Alionekana amechoka.

"Siku ya kwanza nilikuuliza timu gani."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ungesema Vumbi, ningekupa kazi hiyohiyo. Ningekuweka kwenye soksi badala ya barafu, basi." Akaisogeza filimbi kando. "Umemwacha binti wa watu alowe kwa mvua yako. Hilo ndilo silisamehe leo. Labda kesho. Ofisini usirudi. Kitandani kaa mpaka mvua ziishe na barabara ifunguke, siwezi kumtupa mtu mtoni. Muhula ujao kitanda ni cha karani mwingine."

Nikaweka funguo mezani.

Kijivu alikuwa ameshaitwa, anasubiri mlangoni. Nilijiandaa kwa lolote. Alinitazama, akatikisa kichwa.

"Umechelewa, mtoto wa tanuri."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe nikimaliza zamu zangu zote. Ni nyingi, kwa hiyo vuta subira." Kisha akaingia, skafu shingoni.

Alhamisi, 17 Aprili

Habari imeenea. Leo kiti changu ndicho kilichomwagiwa maji. Nimekaa hivyohivyo. Kamanda amekuja na sahani yake akakaa mbele yangu, akala mpaka akamaliza, akaondoka.

Jumapili, 20 Aprili

Baba amepiga. Nimepokelea simu chumbani, mlango wazi, sauti yake ikijaa ukumbi mzima wa bweni.

"Mwanangu! Wamekufukuza kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yangu, Baba. Mimi ndiye niliyenyamaza."

"Ule ufagio..."

"Tulikuwa tunafagia uji, Baba."

"Mama yako anasema siku ya penalti kuna jirani aliyekuwa akiuza karanga jukwaa la buluu, alikuona. Anasema uligeuka. Katikati yao. Kweli?"

"Kweli."

Nilisikia anapenga kamasi, kwa nguvu, kama anavyofanya kila kitu. Mlango wa tatu mtu akapiga kelele, "Mwambie mzee asalimiwe!"

Jumapili, 4 Mei

Mvua zimekatika. Barabara imefunguka, kwa hiyo kitanda si changu tena. Nimefunga sanduku. Kamanda amenipa lile blanketi, akasema ni la kuazima, nisizoee.

Sijui muhula ujao nitalala wapi. Nisipopata kitanda, nitatoka nyumbani alfajiri na kuzunguka kwa daraja la juu mvua zikirudi, na huenda nikafukuzwa na mitihani kabla ya kufukuzwa na mto. Naogopa kama nilivyoogopa mwezi Machi. Nilichokuwa naogopa tu ndicho kimebadilika.

Mdogo wangu, daftari hili ni lako sasa. Lile ombi la ukurasa wa kwanza bado lipo, lakini limepungua: mfiche Mama habari ya kiti kilichomwagiwa maji, na Baba usimsomee mahali nilipoandika kuhusu mkono wa kushoto. Mengine hayana mlinzi.

Na ukija mwaka ujao ukataka kunipata, usiulize ofisi ya michezo wala bweni la wanamichezo. Ukimuuliza Kamanda atakutania kwanza, vumilia, kisha atakuonyesha. Bora zaidi uje siku ya mechi ya Wino na Vumbi. Usipite lango la chini. Zunguka nyuma ya jukwaa la buluu, panda ngazi mpaka juu kabisa, usimame hapo. Utaona visogo vitupu, mstari kwa mstari, na hutanitambua. Usiniite, nitakuwa napiga kelele na sitakusikia. Wewe subiri Vumbi wapate penalti. Mpigaji akianza kukimbia, usiangalie mpira, angalia watu. Mmoja atageuka akupe uso. Shuka, uje ukae karibu naye.